Gari langu liko karakana kwa waranti: nani anapaswa kulipia gari la kukodi?

Nuru_Alief

Wanajukwaa, salaam. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu wa mambo ya waranti hapa Texas, hasa ninyi mliowahi kufanya kazi kwa mawakala wa magari.

Mwaka jana nilinunua gari jipya la familia, lenye safu tatu za viti, kwa wakala mmoja wa hapa Houston ambaye sitamtaja. Halijafikisha maili 15,000, lakini giaboksi imeanza kugonga kila inapotoka gia ya pili kwenda ya tatu, na siku nyingine gari linakataa kuondoka kwenye taa mpaka ulizime na kuliwasha upya. Nimelipeleka kwao kwa tatizo hilohilo zaidi ya mara moja. Safari hii walilipokea, na mshauri wa huduma akanieleza kwamba magari yao ya kuazima yote yameshachukuliwa, hivyo wangenikodishia gari kwenye kampuni ya kukodisha ambayo ina dawati lake humo humo ndani ya jengo lao. Nikapewa sedani ndogo. Siku ya tatu nikapigiwa simu kwamba nilirudishe au nianze kulilipia mwenyewe, kwa kuwa spea iliyoagizwa kiwandani haijafika na idhini imekwisha. Gari langu limefunguliwa, giaboksi iko chini, na hakuna anayeweza kunitajia tarehe.

Mimi hufanya kazi zamu ya usiku kule Medical Center, eneo la hospitali hapa Houston, na nina watoto watatu wa kupeleka shule. Ninachotaka kuelewa ni kama waranti inamlazimisha wakala anipe gari kwa muda wote ambao langu liko kwake, au kama hii ni fadhila tu anayoweza kuikata siku yoyote apendayo. Na hiyo idhini iliyokwisha ni idhini ya nani?

Mshauri_wa_Zamani

Pole sana, dada. Nimekaa kwenye dawati la huduma kwa miaka mingi upande wa Dallas, kwa mawakala wa chapa mbili tofauti, na simu kama hiyo uliyopigiwa nimewahi kuwapigia wateja wengi. Nitaeleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa ndani, maana mteja akishajua pesa inatoka mfuko gani, anajua pia amsukume nani.

Jibu la swali lako la kwanza halifurahishi: waranti ya mtengenezaji, kwa kawaida, haikuahidi gari. Ukifungua kijitabu cha waranti kilichomo ndani ya sanduku la dashibodi utaona kwamba mtengenezaji anaahidi kurekebisha au kubadilisha kifaa chenye kasoro ya malighafi au ya utengenezaji, na kurasa chache mbele anajiondoa katika gharama zinazofuatana na tatizo hilo, kama vile kukosa matumizi ya gari, usumbufu, hoteli na kukodi gari jingine. Sheria ya shirikisho ya waranti ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inawabana watengenezaji katika mambo mengi, mojawapo likiwa ni kutokulazimisha ufanye huduma za kawaida kwa wakala ili waranti yako isife, lakini haiwalazimishi kukupa gari la muda. Kwa hiyo gari hutolewa chini ya mpango wa mtengenezaji au kwa hiari ya wakala. Baadhi ya watengenezaji wameuweka mpango huo kwenye maandishi yao. General Motors, kwa mfano, wana mpango wa Courtesy Transportation, ambao kwa Chevrolet unakwenda sambamba na waranti ya injini na giaboksi ya miaka 5 au maili 60,000. Chapa za kifahari nazo hutoa magari ya kuazima kwa wepesi zaidi, kwa sababu wateja wao wameshazoeshwa hivyo. Kwa chapa nyingine inabidi uulize.

Sasa tuje kwenye mifuko. Gari la kuazima na gari la kukodi ni vitu viwili tofauti, ingawa kwa mteja vyote ni funguo tu anayokabidhiwa. Gari la kuazima ni mali ya wakala: ni gari jipya lililotolewa kwenye shehena yake, likasajiliwa na kuingizwa kwenye kundi la magari ya huduma, na mtengenezaji mara nyingi humpa wakala motisha kwa kuliingiza humo. Likishatembea maili elfu chache huuzwa kama gari lililotumika kidogo. Ndiyo maana wakala hapendi kuwa na mengi kupita kiasi, na ndiyo maana ukifika Jumatatu asubuhi utaambiwa yamekwisha. Gari la kukodi kwa upande wake ni la kampuni nyingine, iwe Enterprise au Hertz, ambayo ina makubaliano ya bei na wakala na humtumia yeye ankara. Wakala huongeza mstari wa gharama hiyo kwenye dai lake la waranti, na mtengenezaji humrudishia kwa kiwango cha kila siku alichokiweka mwenyewe. Bei ya kukodi ikizidi kiwango hicho, tofauti inakuwa hasara ya wakala. Hapo unaweza kuona kwa nini ulipewa sedani ndogo.

Hiyo idhini uliyoambiwa imekwisha ni ya mtengenezaji. Katika mipango mingi mshauri wa huduma anaweza kujiidhinishia siku chache bila kumwuliza mtu, lakini zikipita hizo lazima maombi yaende kwa mwakilishi wa mtengenezaji wa eneo husika, naye atauliza maswali yanayoeleweka: spea iliagizwa lini, namba ya oda ni ipi, gari linaweza kuendeshwa au haliwezi, na kwa nini limechelewa. Kuchelewa kwa spea kiwandani ni mojawapo ya sababu zinazokubalika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa si kosa la mteja wala la wakala. Kwa hiyo ukiambiwa idhini imekwisha, mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyekaa chini akajaza maombi ya kuiongeza. Dawati lina wateja 30 kwa siku, simu hazikomi, na kumwambia mteja arudishe gari ni kazi ya dakika moja.

Fanya hivi: mpigie meneja wa huduma, si yule mshauri, umwulize kama maombi ya kuongeza siku yametumwa, yalitumwa lini, na jibu lilikuwa nini. Kisha piga namba ya huduma kwa wateja ya mtengenezaji iliyomo kwenye kijitabu, ufungue faili, na uhakikishe umepewa namba ya faili hilo. Sema kwa utulivu kwamba gari haliwezi kuendeshwa, limefunguliwa kwa wakala, na linasubiri spea ya waranti. Wakala anapopokea barua pepe kutoka kwa mtengenezaji yenye namba ya faili, mambo huanza kusogea kwa namna ambayo hata mimi ilikuwa ikinishangaza.

Jambo moja zaidi, nalo lina madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua mkataba wa kukodi ulioutia saini na utazame sehemu inayoonyesha ankara inapelekwa kwa nani. Likiwa jina la wakala, siku ulizoidhinishiwa ziko salama. Likiwa jina lako na tarakimu za mwisho za kadi yako, kila siku inayopita inakatwa kwako, na utaanza kuzifukuzia pesa hizo baadaye.

Dereva_Katy

Mkuu ameeleza vizuri, nami nitaongezea upande wa bima, kwa sababu huko ndiko nilikoona ndugu zetu wengi wakikwama kabla hata ya kuikamata funguo.

Kiwango cha chini cha bima hapa Texas ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, dola 60,000 kwa ajali nzima, na dola 25,000 kwa mali ya watu wengine. Bima hiyo inalipia uharibifu unaowafanyia wengine tu, hailigusi gari ulilo nalo mkononi. Wakala anayekuazima gari jipya kabisa atataka kuona bima kubwa inayolipia pia uharibifu wa gari lenyewe, na asipoiona atakukatalia au atakutaka ununue kinga ya ziada ya kila siku, ambayo mtengenezaji hairudishi. Hapa Texas gari la muda unalopewa na karakana linapopata ajali, bima yako mwenyewe ndiyo inayotangulia, pamoja na kile kiasi cha mwanzo ambacho huwa unakitoa mfukoni. Piga simu kwa wakala wako wa bima kabla ya kusaini, umwulize kama mkataba wako unalifuata gari la muda. Swali hilo halichukui hata dakika tano.

Halafu wapo wanaodhani kwamba kile kipengele cha kulipiwa gari la kukodi wanachokilipia kidogo kidogo kila mwezi kwenye bima kitawasaidia giaboksi ikifa. Hakitawasaidia. Kipengele hicho hufanya kazi baada ya ajali, wizi au janga ambalo bima yenyewe inalikubali. Kuharibika kwa mtambo hakumo.

Kwa wale wenye waranti ya nyongeza iliyouzwa na kampuni nyingine, ile ambayo ofisa wa fedha hukubembeleza uinunue wakati unasaini karatasi za gari, someni kipengele cha gari la kukodi neno kwa neno. Mikataba mingi ya aina hiyo hailipi kwa siku ambazo gari limekaa karakana, inalipa kwa saa za kazi zilizotajwa kwenye kitabu cha viwango, yaani siku moja ya kukodi kwa kila saa 8 za fundi au sehemu yake. Kazi ya saa 6 inakupa siku moja hata kama gari lilikaa wiki mbili likisubiri spea. Jirani yangu alilijua hilo mbele ya kaunta, tayari akiwa na ankara mkononi. Na kumbukeni kwamba anayejilipia mwenyewe analipa pia kodi ya jimbo ya asilimia 10 kwa kukodi kusikozidi siku 30, kabla ya tozo za jiji na za uwanja wa ndege.

Kwa madereva wenzangu wa Uber na Lyft: gari la kuazima au la kukodi linalolipiwa na waranti halibebi abiria wa kulipa. Limeandikwa kwenye mkataba, na ukipata ajali ukiwa kazini unaweza kujikuta huna bima yoyote inayokutambua, si yako, si ya wakala. Zaidi ya hapo, baadhi ya watengenezaji hupunguza waranti yenyewe kwa gari linalotumika kibiashara, kwa hiyo si kila kitu cha kusimulia kwenye dawati la huduma.

Msoma_Sheria_TX

Dada Nuru, kuna kitu katika maelezo yako ambacho hakijaguswa, nacho kinaweza kuwa na uzito kuliko hiyo sedani. Umesema gari halijafika maili 15,000, ulilinunua jipya mwaka jana, na umelipeleka kwa tatizo hilohilo zaidi ya mara moja. Maana yake bado uko ndani ya muda wa sheria ya Texas ya magari mabovu, ile iitwayo Lemon Law, ambayo inasimamiwa na Idara ya Magari ya jimbo, TxDMV.

Sheria hiyo ina vipimo kadhaa. Kimoja ni kupeleka gari kwa wakala mara 4 kwa kasoro ileile ndani ya miezi 24 ya kwanza au maili 24,000, na kasoro ikabaki. Kingine ni kwa kasoro ya hatari kwa usalama, ambapo mara 2 zinatosha, na gari linalokataa kuondoka katikati ya makutano linaweza kuingia humo kwa hoja nzuri. Cha tatu ndicho kinachohusu mada yako: gari likikaa karakana kwa jumla ya siku 30 au zaidi katika kipindi hicho, hata kama siku hizo hazikufuatana, na kasoro ikaendelea kuwepo, umekifikia kipimo. Lakini sheria inasema wazi kwamba siku ambazo uliazimwa gari linalolingana na lako hazihesabiwi.

Hebu lifikirie hilo. Wakala anayekupa gari zuri la kufanana na lako anakusaidia usafiri, na wakati huohuo anaisimamisha saa ya siku 30. Sisemi kwamba anafanya hivyo kwa hila; washauri wengi wa huduma hata hawakijui kipengele hicho. Ila wewe ukijue. Kama umeshaanza kufikiria kulirudisha gari hili kwa mtengenezaji, ningekushauri uwaachie gari lao, upande basi au upewe lifti kwa muda, na siku zako zihesabike zote.

Malalamiko hufunguliwa TxDMV kwa ada ya dola 35, baada ya kumwandikia mtengenezaji barua na kumpa nafasi ya kurekebisha. Usichelewe: dirisha hufungwa miezi 6 baada ya waranti kwisha, au miezi 24 kutimia, au maili 24,000 kufika, lolote litakalotangulia.

Baba_Sugar_Land

Nakubaliana na Msoma Sheria kuhusu sheria yenyewe, lakini ushauri wa kukataa gari siukubali. Mama wa watoto watatu anayetoka kazini usiku wa manane kule Medical Center hawezi kuambiwa apande basi mpaka nyumbani kwake Alief ili ajenge kesi ambayo huenda hataihitaji. Kipimo cha mara 4 hakisimamishwi na gari la kuazima, wala kile cha hatari kwa usalama. Hivyo viwili vinaendelea kuhesabika hata kama umepewa gari la kifalme. Kwa gari linalorudi karakana kwa tatizo lilelile mara kwa mara, njia hizo ndizo fupi.

Isitoshe, sheria imesema gari linalolingana. Dada ana gari la safu tatu na amepewa sedani ndogo ambayo haimtoshi yeye, watoto, viti vyao na mizigo ya wiki. Iwapo siku hizo zihesabiwe au zisihesabiwe ni hoja ya kupeleka mbele ya msikilizaji wa shauri, na mkataba wa kukodi unaoonyesha daraja la gari alilopewa ndio ushahidi. Mimi ningelichukua gari, ningetunza mkataba, na ningemwandikia meneja barua pepe fupi ya kumshukuru na kumkumbusha kwamba gari hilo halilingani na langu. Barua ya heshima hukaa vizuri kwenye faili.

Na kila unapolipeleka au kulichukua gari, dai hati ya matengenezo yenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, maili, na malalamiko yako kwa maneno yako mwenyewe. Washauri wengine hupenda kuandika kwamba mteja anahisi mtetemo kidogo. Mwambie aandike kwamba gari linakataa kuondoka. Hata zile fedha unazotoa kwa usafiri mbadala zinaweza kudaiwa ukishinda shauri la kurudishiwa fedha au kubadilishiwa gari, mradi una risiti.

Mshauri_wa_Zamani

Hapo kwenye hati ya matengenezo ndugu yangu amegonga penyewe. Niongeze tu kwamba gari likiingia karakana na kutoka bila hati, kwa macho ya mtengenezaji halikuja. Kuna mawakala ambao fundi hulijaribu gari barabarani, akakosa kulisikia tatizo, na mteja akarudishwa nyumbani kwa maneno matupu. Dai hati hata siku hiyo, iandikwe kwamba tatizo halikuonekana.

Pia, kwa faida ya watakaosoma baadaye: gari la kukodi linalipiwa na mtengenezaji pale tu kasoro inapothibitika kuwa ya waranti. Fundi akikuta panya wametafuna nyaya, au maji ya mafuriko yameingia kwenye kompyuta ya gari, mambo yasiyo mageni Houston, gharama ya kukodi inaweza kukurudia tangu siku ya kwanza. Uliza kabla ya kusaini: uchunguzi ukionyesha si waranti, nitadaiwa nini?

Nuru_Alief

Nawashukuru wote kwa moyo. Nilizungumza na meneja wa huduma, na ikawa kama alivyosema Mshauri: maombi ya kuongeza siku hayakuwa yametumwa kabisa. Nikafungua faili kwa mtengenezaji, na siku iliyofuata nikapigiwa simu kwamba nimeongezewa siku mpaka spea ifike, ila kwa gari lilelile dogo. Mkataba una jina la wakala kwenye sehemu ya ankara. Nimeutazama kwa makini. Barua ya heshima nayo nimeituma, na namba ya faili nimeiweka juu yake.

Limebaki jambo dogo. Kwenda na kurudi kazini huwa napita Westpark Tollway, na wikiendi ijayo tuna harusi ya ndugu kule Dallas. Je, tozo za barabara zinalipwaje kwenye gari lao, na ninaruhusiwa kulipeleka hadi huko?

Mshauri_wa_Zamani

Tozo, mafuta na faini ni zako siku zote, mtengenezaji hazigusi. Westpark haina kibanda cha kulipia kwa fedha taslimu, kamera inapiga picha ya namba ya gari, na ankara ikienda kwa kampuni ya kukodisha itakurudia ikiwa na ada yao ya usumbufu juu yake, ambayo mara nyingi huizidi tozo yenyewe. Ingia kwenye akaunti yako ya EZ TAG, ile ya kulipia tozo za barabara kielektroniki, uongeze namba ya gari hilo kwa muda. Akaunti hiyo hiyo inakubalika pia kwenye barabara za tozo za Dallas.

Kuhusu harusi, Dallas ni kama maili 240 kwenda tu. Gari la kampuni ya kukodisha mara nyingi halina kikomo cha maili ndani ya jimbo, lakini magari ya kuazima ya wakala huwa na kikomo cha kila siku, na mengi hayaruhusiwi kuvuka mpaka wa Texas. Lako ni la kukodi, kwa hiyo soma kipengele cha maili kwenye mkataba, na kama shemeji atashika usukani njiani, jina lake liandikwe kama dereva wa pili kabla hamjaondoka. Siku ya kulirudisha, piga picha ya kipimo cha mafuta na ya maili ukiwa palepale kwenye maegesho, kisha uiondoe namba ya gari hilo kwenye EZ TAG yako kabla mteja anayefuata hajaanza kupita Westpark kwa gharama yako.